Pini ya Kwanza ni Ardhi

Hapa Kajiado ukitamka neno ardhi, kila aliye karibu hugeuka. Hufikiri una ploti ya kuuza. Mabango ya ploti za futi 50 kwa 100 yamejipanga kando ya barabara ya Namanga kutoka Kitengela hadi Kisaju na Isinya, na mwenye hatimiliki mkononi husikilizwa kuliko mwenye hoja. Kwa hiyo siku nilipomsikia fundi mmoja akimwambia kijana wake, "Anza na ardhi, mengine yatafuata," nilidhani nimeingia kwa dalali. Kumbe alikuwa ameshika jeki ya XLR iliyofunguliwa, yenye vikombe vitatu vidogo vya kulehemu, naye alikuwa akizungumzia pini namba moja.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma wa Kitengela, kati ya kinyozi na muuza mbao. Kazi yake hasa ilikuwa redio na televisheni, lakini kila Jumamosi watu wa makanisa walimletea nyaya zilizokufa, zimebebwa kwenye magunia kama kuku wa kupeleka sokoni. Mji ulikuwa umefurika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000, na palipo na watu wengi kiasi hicho hapakosi kwaya, mikutano, harusi na matanga. Kila shughuli ina miksa, na kila miksa ina waya unaokwaruza.

Mimi nimekuwa nikinasa sauti kwa miaka kadhaa: kwaya, hotuba, mazungumzo ya wazee, nyimbo za Kimaa. Watu huniuliza natumia maikrofoni gani, na kinasa sauti changu ni cha kampuni gani. Kuhusu waya hajauliza hata mmoja. Waya ni punda wa kuteka maji: bila yeye boma halinywi, na siku ya sherehe hakuna anayemvisha shanga.

Acha basi nimsifu punda.

Fundi yule alianza kwa kuvisha kifuniko cha jeki kwenye waya kabla ya jambo lingine lolote. Ukisahau hatua hiyo utalehemu pini zote tatu kwa ustadi mkubwa, utainua macho kwa fahari, na utakiona kifuniko kimelala mezani, nacho hakiwezi kupita tena mpaka ufumue kazi yote. Hakuna fundi asiyewahi kufanya hivyo. Wapo waliofanya hivyo wiki hii. Baada ya hapo alimenya ganda la nje kwa wembe, urefu wa ukucha wa kidole gumba, bila kukandamiza, kwa sababu chini ya mpira kuna nywele za shaba zilizosukwa, na kila unywele unaokatika ni mlango wa kelele. Nywele hizo alizisokota kuwa mkia mmoja. Ndani yake zilichomoza nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi. Mkia ukaenda pini ya kwanza, nyekundu ya pili, nyeusi ya tatu.

Kijana alitaka kuchovya lehemu kwenye ncha ya moto kisha aipake pale panapotakiwa. Alikaripiwa. "Hiyo si siagi unapaka mkate. Pasha shaba moto, iache shaba iinywe yenyewe." Na kweli, chuma kilipogusa pini na waya kwa pamoja, ukahesabu moja, mbili, tatu, lehemu iliyosogezwa pembeni ilizama kama maji kwenye mchanga, moshi wa rosini ukapanda, na kilipopoa kiungo kiling'aa. Kiungo kinachopoa kikiwa kimefifia, chenye chembechembe kama uji ulioganda, kimekufa tayari: leo kitapitisha sauti, Jumapili mbele ya watu kitaanza kukwaruza. Mwisho fundi alivuta kila uzi, tena si kwa upole, akachukua mita na kupima pini kwa pini, ncha hadi ncha. Kujua kwamba moja inafika kwa moja hakukumtosha. Alitaka pia kuhakikisha kwamba moja haijagusa mbili.

Niliwahi kumuuliza, ukikosea ukabadilisha ya pili na ya tatu upande mmoja, nini hutokea? Akacheka. "Hakuna. Waya utafanya kazi, nawe utalipwa. Utajua siku utakayoweka maikrofoni mbili kwa mtu mmoja." Nilijua baadaye. Maikrofoni moja husukuma pale nyingine inapovuta, na sauti ya mwimbaji mwenye kifua kipana hubaki ganda, kama mtu anayeongelea ndani ya debe.

Kwa nini nyuzi mbili kwa sauti moja? Fikra hii ni ya zamani, na mpaka leo hunifurahisha kila ninapoitafakari. Mwaka 1881, enzi ambazo nyaya za simu zilinung'unika kwa kelele za nyaya jirani, Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyuzi mbili pamoja kama kamba. Kwenye waya wa maikrofoni uzi mmoja hubeba sauti, na wa pili hubeba sauti ileile ikiwa imepinduliwa. Kelele inayoingia njiani haijui kubagua. Kwa kuwa nyuzi zimekumbatiana, inaziingia zote mbili sawasawa. Mwisho wa safari kinasa sauti hutoa uzi mmoja kwa mwingine. Kelele, iliyo sawa pande zote, hujifuta. Sauti, iliyo kinyume, hujiongeza. Ganda la shaba lililofungwa kwenye ardhi huzuia sehemu ya kelele kabla haijafika ndani. Hakuna umeme wa ziada, hakuna programu, ni hesabu ya kutoa tu, inayofanywa na shaba.

Kelele zenyewe huku kwetu hazikosi wa kulaumiwa. Isinya kuna kituo kikubwa cha umeme zinakokutana nyaya za volti 400,000, na mtu akisikia mvumo kwenye spika hunyoosha kidole kwenye zile nguzo ndefu nyikani. Mara nyingi nguzo husingiziwa. Nimefika kwenye mahema mengi nikakuta mkosaji ni waya wa jenereta uliolazwa sambamba na waya wa maikrofoni kwa mita ishirini, na mtu mwenye nia njema kazifunga pamoja kwa utepe ili zipendeze. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo mzito ndio unaohamia kwa jirani. Zitenganishe kwa hatua mbili. Zikilazimika kukutana, zipishane kama barabara za njia panda, zisitembee pamoja. Kinanda nacho, kinapounganishwa kwa waya mrefu wenye uzi mmoja na ganda tu, hugeuka antena. Nimemsikia mtangazaji wa redio akitoa matokeo ya mpira katikati ya sala ya toba.

Hapo ndipo wengine huchukua koleo na kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Mvumo hutulia kweli. Kisha siku moja mwimbaji anagusa maikrofoni kwa mdomo na kurushwa nyuma. Hao siwaiti mafundi. Dawa ni kuvilisha vyombo vyote kutoka soketi moja, au kupitisha kinanda kwenye kisanduku chenye transfoma, ambamo sauti huvuka kwa sumaku bila shaba kugusa shaba.

Jambo jingine ni nguvu. Kitengela maji mara nyingi huja kwa lori, na aliyewahi kushika lile bomba la lori anajua kwamba halijazi kikombe cha chai, hukirusha. Maikrofoni hutoa milivolti chache. Miksa ya kitaalamu, kwa kipimo chake cha kawaida, hutoa volti moja na robo hivi, yaani mamia ya mara zaidi. Kinasa sauti kina swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili, na ukipeleka lori kwenye kikombe, sauti itachanika, wala hakuna programu itakayoishona. Kando yake kuna kitufe cha volti 48, kile cha maikrofoni za kondensa. Mimi hukistaajabia kila siku: umeme hupanda kwenye waya uleule ambao sauti inashukia, na havigongani. Ila ukisahau kukizima ukaunganisha miksa ya watu, unaweza kuiunguza, na mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa ya sanaa.

Nikitaka kumjua mfanyakazi mpya simpimi kwa masikio. Namtazama anavyokunja nyaya saa tano usiku, watu wameondoka, upepo wa tambarare umeanza kupiga turubai, na njaa imemshika. Anayezungusha waya kati ya kiganja na kiwiko, kwa pupa, anazisokota nyuzi za ndani mpaka zikatike polepole. Anayekunja duara moja kwa juu na la pili kwa chini, waya ukalala bila kupinga, huyo nitampa hata funguo za gari.

Hayo yote ni ya analogi, na analogi ina uungwana wake: huugua kabla ya kufa. Hukohoa, hukwaruza, hupoteza nguvu upande wa kushoto, nawe una muda wa kukimbilia. Dijitali haiugui. Ipo kamili, mpaka inapoanguka. Tena hujificha ndani ya nguo za mwenzake. Waya wa dijitali wa AES3, kanuni iliyotolewa mwaka 1985, huvaa jeki ileile ya XLR, pini zilezile tatu. Ule mwingine, wa vyombo vya nyumbani, huvaa jeki ndogo ya RCA kama nyaya za nyuma ya televisheni. Macho hayatakusaidia, soma maandishi kwenye ganda. Wa kwanza hudai waya wa omu 110, wa pili omu 75, kwa kuwa ndani yake hapapiti sauti bali mapigo ya haraka yanayobeba tarakimu, na mapigo yakikutana na waya usioyafaa hurudi nyuma kama mwangwi bondeni na kuyachafua yanayokuja. Mita mbili za waya wa maikrofoni zitakuvumilia. Mita arobaini zinaweza kukuaibisha. Upo pia ule wa mwanga, ulioletwa na Toshiba mwaka 1983, usiojua mvumo kabisa kwa kuwa hauna shaba. Lakini vumbi la Kajiado huziba mlango wake, nami huufunika kwa kifuniko chake hata ninapokwenda kunywa chai.

Hata ukiwa na waya sahihi bado hujamaliza, kwa maana dijitali ina jambo ambalo analogi haikuwahi kulijua: saa. Sisi wasema Kiswahili tungepaswa kulielewa kabla ya watu wote. Mzee anaalika watu kwa saa mbili, anamaanisha saa mbili za asubuhi, jua likiwa changa. Mwanawe wa Nairobi, anayeota kwa Kiingereza, anasoma mbili na kuja mchana. Wote wana saa nzima, hakuna aliyekosea kuhesabu, na mbuzi amekwisha liwa. Mashine mbili za dijitali zinazohesabu sauti mara 48,000 kwa sekunde zina mkasa wa aina hiyo, ila zenyewe hutofautiana kwa unywele tu: moja huhesabu 48,000, nyingine kwa muda uleule imehesabu 48,000 na moja. Ile moja ya ziada haina pa kukaa. Hutupwa, na pale ilipotupwa husikika *tk*.

Niliisikia *tk* hiyo kwangu nyumbani, usiku, nikiwa nimevaa visikizio. Mchana wake nilikuwa kwenye kanisa moja la Kitengela, wamekuja akina mama waimbaji kutoka upande wa Isinya kwa basi la kukodi. Miksa ya mle ilikuwa ya dijitali, nami nilivutika na wazo la kuchukua sauti moja kwa moja bila kuigusa. Nikapiga waya, namba zikaonekana, mishale ikacheza. Kwenye majaribio ngoma na kinanda vilikuwa vikipigwa, nani angesikia? Nilikuwa nimeacha kinasa sauti kifuate saa yake chenyewe badala ya kufuata ile inayoingia kwa waya. Kisha mama mmoja akaimba peke yake, ala zote zimenyamaza, sauti inapanda taratibu na wenzake wanaishika kwa chini. Usiku nikakuta kila sekunde moja hivi, ndani ya sauti ile, *tk*. *tk*. *tk*. Kama mtu anayevunja njiti za kiberiti kanisani. Kosa lilikuwa langu, la mstari mmoja kwenye menyu.

Tangu siku hiyo hutandika njia mbili: dijitali kwenye njia mbili za kinasa sauti, na jozi ya analogi kwenye njia nyingine mbili, zikiwa chini kidogo kwa nguvu. Wenzangu husema napoteza nyaya. Sawa.

Ninaposisitiza hivi nawaza pia nani anashika waya. Mwaka 1950 mnasa nyimbo Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mitambo yake garini, akanasa wasichana wakiimba Chemirocha, wimbo uliogeuza jina la Mmarekani Jimmie Rodgers kuwa kiumbe cha ajabu. Kazi zake zikahifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ilipita miaka zaidi ya sitini kabla maktaba hiyo na watu wa Singing Wells, mradi wa Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa London, kuzirudisha kwa wenyewe. Zilirudi zikisikika, na kwa hilo namshukuru aliyeziunganisha. Lakini napenda zaidi habari ya mwaka 2008, pale Wamaasai wawili wa Il Ngwesi, Laikipia, pamoja na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walipokwenda Marekani kupitia Shirika la Haki Miliki Duniani kujifunza kunasa na kuhifadhi utamaduni wao kwa mikono yao. Wimbo ukinaswa na mwana wa nyumba, hauhitaji miaka sitini kurudi nyumbani.

Sauti nyingi za Kajiado bado ziko kwenye kaseti, ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda. Mwaka jana mzee mmoja wa Kisaju aliniletea yake, imefungwa kwa kitambaa.

"Kijana, mashine yako inaweza kumtoa baba humu?"

"Nitajaribu, mzee. Ilinaswa wapi?"

"Kwenye sherehe. Baba alikuwa akiimba."

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu nyakati mbili hukutana kwenye waya mmoja mfupi. Nilisafisha kichwa cha deki ya kaseti kwa spiriti na pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nikatoa waya wa RCA nyuma yake, mwekundu kulia na mweupe kushoto, nikauingiza kwenye mlango wa laini wa kinasa sauti na kupandisha kidogo, maana deki ya nyumbani hutoa theluthi moja tu ya volti. Nikaweka biti 24, vipimo 96,000 kwa sekunde. Si kwamba kaseti ina utajiri huo, ila sikutaka uchoyo uwe wangu. Kwanza nikaweka kaseti yangu isiyo na thamani na kuhakikisha kila kitu kinaandikwa. Ndipo nikaweka yake, na nikabonyeza kunasa kabla ya kubonyeza kucheza.

Sauti ilitoka kama iko nyuma ya blanketi. Kando ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayokilaza au kukisimamisha. Niliigeuza unywele tu, masikio yangu yakiwa kwenye njuga za akina mama, mpaka njuga zikang'aa na blanketi likaanguka. Sasa alisikika olaranyani, kiongozi wa wimbo, akitupa sauti juu, na wanaume wakimjibu kwa mngurumo wa kooni. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Sauti ya baba ni nzuri," nikamwambia.

"Huyo si baba," akasema. "Huyo ni baba mdogo." Akangoja. Nyuma ya waimbaji, mbali na maikrofoni, mtu alikohoa mara mbili. "Huyo. Huyo ndiye baba."

Nikarudisha nyuma faili, si kaseti, tukamsikiliza tena akikohoa.

Msomaji, kama nyumbani kwenu ipo kaseti ya namna hiyo, usiichezeshe kwanza kwenye redio ya zamani ili kuona kama bado ni nzima. Utepe uliolala miaka thelathini unaweza kukubali kupita mara moja tu na kukatika mara ya pili. Mtafute mwenye deki safi, angalia nyaya zake, na kinasa sauti kiwe kimewashwa kabla kaseti haijaanza kuzunguka.